Tishari la Mwisho la Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ubao mdogo wenye karatasi iliyobanwa juu yake, pamoja na kalamu ya wino, nikaambiwa nikasimame gatini nihesabu magunia. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya uchumi wa uchukuzi, na tasnifu yangu ilihusu nchi zisizo na pwani na gharama zinazotokana na kuwa mbali na bahari. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali magumu. Hakuna aliyeniuliza hata moja. Msimamizi wa Tali, Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alitazama viatu vyangu, akatazama cheti changu, akarudi kwenye viatu, kisha akasema gati lina mafuta na mwenye visigino virefu atatumbukia ziwani kabla ya saa nne.

Vijana wa ofisi niliyoiacha wameniomba niandike jinsi kazi ya shehena ya mpito ilivyofanyika Kigoma katika miaka yetu. Shehena ya mpito ni mzigo usio wa nchi unamopita. Kwetu uliingia kwa reli kutoka Dar es Salaam, ukapakiwa kwenye matishari, mashua bapa za mizigo, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Na mzigo wa huko, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kahawa, ulirudi kwa njia hiyohiyo. Sisi hatukuwa wenye mzigo, wala wenye reli, wala wenye bandari. Tulikuwa wakala, kampuni ndogo iliyopewa dhamana ya kuupokea mzigo kwa mkono mmoja na kuutoa kwa mwingine bila kupungua. Nimeombwa niwe mfupi. Nitajitahidi, ingawa ufupi haujawahi kuwa tabia yangu, na kosa nitakalolieleza humu lilitokana na hilo.

Tali ni hesabu ya kile kinachovuka ukingo wa chombo. Kuli akipita na gunia begani unachora kijiti kimoja. Wakipita wanne una vijiti vinne, na wa tano unamlaza juu ya wenzake. Hapo umefunga fungu. Mzee Hamisi alinifundisha kanuni zake asubuhi ileile, akiwa amesimama juani bila kujikinga. Andika ulichokiona kwa macho, si ulichoambiwa. Andika kwa wino. Ukikosea, usifute: piga mstari mmoja ulionyooka, kosa lisomeke chini yake, kisha watie sahihi watu wawili, karani wetu na mwakilishi wa upande wa pili. Mtu mmoja hakuruhusiwa kusahihisha hata kijiti kimoja. Nilimwuliza sababu. Alijibu kwamba mtu anayejisahihisha peke yake hufanya hivyo kwa faida yake.

Siku hiyo hesabu yangu ilipishana na ya upande wa pili kwa gunia moja. Nilihesabu upya mafungu yangu mara tatu, nikaomba shehena yote ishushwe tena kutoka kwenye behewa. Makuli waliketi chini, wakanitazama kwa subira isiyo ya heshima. Ndipo mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, aliyekuwa ameshika ubao kama wangu, aliponisogelea akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, “Gunia unalolitafuta, dada, umelikalia.”

Huyo alikuwa Silvestri. Nchi yake ilimweka Kigoma awe mwakilishi wa wasafirishaji wake: yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili katika kila karatasi yetu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake hakikuhitaji msaada wa mtu. Alipanga chumba Bangwe, na mkewe Imakulata na watoto wao watatu walikuja kukaa naye shule zilipofungwa.

Ofisini kwetu nchi ile iliitwa “jirani mdogo”, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgeni kubeba begi. Hata tasnifu yangu, kwa maneno marefu zaidi, ilisema hivyohivyo: mwenye pwani hutoa njia, asiye na pwani hupokea. Miezi mitatu ya tali ilitosha kunitia shaka. Mabehewa yaliyoleta saruji, mabati na chumvi ya jirani yangerudi matupu kama si kahawa yake, na reli hailishwi na mzigo wa kwenda tu. Msafiri wa Uvinza au Kaliua aliyepata treni ya kumfikisha Tabora alikuwa anabebwa, bila kujua, na vilima vya kahawa asivyowahi kuviona. Matishari mengi yalikuwa yao. Nilipotumwa kama mwandishi wa kumbukumbu katika vikao vya nchi zinazotumia ushoroba huo, yaani njia hiyo ya reli na ziwa, niliona nchi kubwa zinakuja na hotuba, na nchi ndogo inakuja na orodha: kreni ilisimama siku zipi, ghala lipi linavuja, behewa lipi limeachwa njiani na kwa nini. Hawakuwa na milango mingi ya kutokea, hivyo hawakuweza kuwa wazembe na huu mmoja. Paa la ghala la tatu liliezekwa upya kwa sababu Silvestri alilitaja katika kila kikao, hadi mwenyekiti akaomba liezekwe ili mheshimiwa huyu apate ajenda nyingine.

Mzee Hamisi alimpenda sana, na upendo wake ulitoka kama utani.

“Nchi yako, Silvestri, mtu akianika shuka ndefu pindo linaangukia kwa jirani.”

“Na yenu ni kubwa, Mzee, mpaka kreni imepotea ndani yake. Tangu Jumatatu tunaitafuta.”

Mwaka wa pili nilihamishiwa sehemu ya hati, chini ya Meneja wa Tawi, mwalimu wa zamani aliyesahihisha barua zetu kwa wino mwekundu na kuturudishia kama madaftari. Kutoka hapo nilipelekwa Kasanga, kusini ya ziwa, kwa miezi sita ambayo sina la kusema juu yake isipokuwa mbu na upweke. Niliporudi Kigoma nilikuwa nimepanda cheo. Nilisimamia hati zote za mpito, nikapanga chumba Buzebazeba, na nilianza kuamini kwamba karatasi iliyojazwa vizuri haiwezi kumdhuru mtu.

Kisha mambo ya ng’ambo yakaharibika.

Ninyi mlisoma habari za vita hivyo shuleni. Sisi tuliziona kwanza Katonga, pale tulipokuwa tunakwenda asubuhi kununua migebuka na dagaa. Asubuhi moja wauza samaki walikuwa wamesogezwa pembeni, na mchangani wameketi watu na magodoro, masufuria, mbuzi mmoja, cherehani. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakaendelea kuja. Familia zenye asili ya Kongo zinazokaa ufukweni, ambazo nyingi zilifika kwa namna hiyohiyo katika kizazi kingine, ziliwasha majiko bila kuambiwa na mtu. Mwenye nyumba wangu aliweka kaya mbili uani, nami nilizoea kuruka miguu ya watu waliolala nikienda kazini. Mji ulichoka, na hatukujua kwamba uchovu huo ungedumu miaka.

Matishari yalisimama. Ng’ambo kulikuwa na shehena ya kahawa iliyobaki ghalani, na huku Kigoma mabehewa yaliyotengwa kwa ajili yake yalikuwa yamekaa wazi relini. Meneja alipokea taarifa kwamba mabehewa hayo yasipopakiwa kufikia Ijumaa adhuhuri yangeondolewa, na kahawa ya jirani ingetafutiwa njia nyingine, isirudi tena kwetu. Wakubwa wa Silvestri hawakuwa wakipokea simu. Imakulata na watoto walikuwa wamerudi kwao, shule zilipofunguliwa, wiki chache kabla ya vita.

Jumatatu Silvestri aliingia ofisini na barua yake ya uwakilishi ndani ya mfuko wa nailoni, akasema anavuka na tishari tupu kwenda kuichukua kahawa. Kama kungekuwa na nafasi juu ya magunia angeleta na watu wake. Mzee Hamisi alimwambia aanze na watu wake. Silvestri alijibu kwamba nahodha asingekubali kuvuka kwa ajili ya mke wa mtu, lakini kwa ajili ya shehena yenye hati angevuka, kwa hiyo kahawa ndiyo itakayowaleta. Ilikuwa hesabu ya mtu wa mpito. Ilikuwa sahihi.

Tishari lilirudi Alhamisi asubuhi, limezama kuliko kawaida. Kwa mbali nilidhani turubali limefunguka linapigwa na upepo. Walikuwa watu. Walikuwa wamelala na kuketi juu ya magunia kutoka mbele hadi nyuma, na chombo kilipogusa gati hakuna aliyeinuka, kana kwamba hawakuamini kwamba safari huwa na mwisho.

Maofisa wa uandikishaji wa wakimbizi hawakuwa wamefika. Ujumbe wao ulisema wangefika mchana, na kwamba aliyepo gatini aandike orodha ya awali. Meneja wa Tawi aliniita.

“Bi. Jenerosa, mwandiko wako unasomeka. Hesabu kila kinachoshuka.”

Nilimwuliza kwa fomu ipi. Akasema, iliyopo. Iliyokuwepo ilikuwa fomu ya tali, yenye safu mbili: mabaharia, na vinginevyo.

Basi nilihesabu watu kama nilivyofundishwa kuhesabu magunia. Kila mtu kijiti. Wa tano nikamlaza juu ya wanne. Pembeni niliandika jina la mkuu wa kaya, na Mzee Hamisi aliwauliza kwa Kiha wale wasiojua Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kirundi. Kuna mama aliyenionyesha vidole vinne, akatazama nyuma, akakunja kimoja. Niliandika vitatu. Tangu siku ile sikufunga fungu lolote kabla ya kutazama nyuma ya wa tano, na nilifanya kazi hiyo miaka mingi baadaye.

Silvestri alishuka wa mwisho. Alikuwa amebaki chomboni hadi watu wengine wote wameshuka, kisha akazunguka magunia pamoja na nahodha, mstari kwa mstari, akiandika. Ndipo alipokuja: Imakulata mbele, wavulana wawili wameshikana mikono, na binti mdogo, Konsolata, amelala begani kwa baba yake.

“Bwakeye, dada,” alinisabahi kwa Kirundi. “Kahawa ni salama.”

Nilitafuta jina lake kwenye orodha ya mabaharia. Halikuwepo. Waliondoka Bujumbura kwa haraka na nahodha hakumwandika mtu asiye wake. Hivyo ilibaki safu ya pili. Nilisimama na kalamu hewani kwa muda ambao Mzee Hamisi aliutaja baadaye kuwa mrefu kuliko ibada. Niliwaza kwamba macho yangu yameona mwanamume, mkewe na watoto watatu wakishuka pamoja. Niliwaza kwamba nikimweka yeye kwingine na wao kwingine, nitakuwa nimeivunja familia kwa wino. Niliona nimekuwa makini, na kwa mara hiyo moja nimekuwa pia mwema. Nikachora vijiti vinne, nikamlaza wa tano.

“Umetuandika pamoja?” aliuliza.

“Pamoja.”

“Murakoze,” alishukuru, akaenda kumlaza mtoto kwenye kivuli cha ghala.

Maofisa walifika baada ya saa saba. Walipiga muhuri karatasi yangu, na kwa muhuri huo tali ikageuka rejista ya wakimbizi. Wote waliokuwa katika safu yake ya pili wangechukuliwa na malori kesho yake asubuhi kupelekwa kambini, kwa maana sheria haikumruhusu mkimbizi kukaa mjini. Nilijua sheria hiyo. Sikuwa nimeiunganisha na vijiti vyangu.

Saa nane na nusu Silvestri aliingia ofisini, amenawa, amevaa shati la kuazima, aje kutia sahihi hati ya makabidhiano. Bila sahihi ya mwakilishi wa upande wa pili, kahawa isingepakiwa kwenye behewa. Ofisa Uandikishaji alikuwa ameketi kwenye meza yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala kwa wiki nzima. Alisikia jina, akashuka na kidole kwenye rejista, akasema, “Samahani, mzee wangu. Wewe uko kwangu.”

Hoja yake haikuwa na tundu. Mtu aliyeandikishwa kuwa ameikimbia nchi yake hawezi kutia sahihi kwa niaba ya nchi hiyo. Silvestri alitoa barua ya uwakilishi kwenye mfuko wa nailoni. Ofisa aliisoma yote, akaeleza kwa upole kwamba barua inasema alikuwa nani alipopanda chombo, na rejista inasema alikuwa nani aliposhuka, naye analazimika kufuata karatasi ya mwisho. Kama wakala anakiri kukosea, asahihishe kwa utaratibu wake mwenyewe, naye atapokea.

Utaratibu wetu ulikuwa sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya upande wa pili ilikuwa ya Silvestri, na Ofisa alikataa, kwa haki kabisa, mtu kujiondoa mwenyewe kwenye rejista. Alibaki nahodha, mtu mwingine pekee wa upande ule, ambaye tishari lake lilikuwa linashushwa magunia ya mwisho na lilipaswa kuondoka siku hiyohiyo.

Mzee Hamisi alinivuta nje.

“Nenda kwa nahodha sasa hivi. Mstari mmoja, sahihi mbili. Mengine yatafuata.”

Nilimweleza kwamba si rahisi hivyo. Yeye ndiye mkuu wa kaya katika fungu lile. Nikimkata yeye, wanabaki wanne wasio na jina la kuwasimamia. Nikilikata fungu zima, mama na watoto wanakosa hifadhi, na kesho mtu yeyote anaweza kuwarudisha majini. Nikimwacha, anapoteza kazi yake, na kahawa aliyoifuata inabaki chini ya turubali.

“Binti,” alisema Mzee Hamisi, “unafikiri. Acha kufikiri, tembea.”

Niliketi mezani kwangu nikaandika dokezo. Sehemu ya kwanza: mambo yalivyotokea. Sehemu ya pili: njia tatu zilizopo, na matokeo ya kila moja. Sehemu ya tatu: pendekezo, kwamba Silvestri akatwe, Imakulata aandikwe mkuu wa kaya, na iongezwe taarifa kuwa mumewe yuko mjini kikazi, ili wasipotezane. Lilikuwa dokezo sahihi. Nimelisoma mara nyingi tangu wakati huo nikitafuta kasoro, na sijaiona. Lilikuwa na kurasa tatu. Nilipofika nalo gatini tishari lilikuwa limeshaipita rasi ya Bangwe. Nahodha hakujua kwamba alikuwa anasubiriwa na mtu. Aliona ziwa limetulia akaondoka.

Muda wote huo Silvestri alikuwa ameketi mlangoni mwa ghala na mtoto magotini, hatua chache kutoka dirisha langu. Nilimwona kila nilipoinua kichwa. Nilimfikiria kwa zaidi ya saa moja, kutoka kila upande, na haikunijia kutoka nje nikamwulize anataka nini.

Ijumaa asubuhi malori yalijipanga barabarani. Meneja wa Tawi aliweka hati ya makabidhiano mbele yangu, akaniamuru nitie sahihi mahali petu, kisha nitie nyingine mahali pa upande wa pili, na mbele yake niandike “kwa niaba”. Nilikataa. Nilisema nitafanya hivyo endapo mwenyewe ataniambia. Sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa, nikatoka bila kungoja jibu lake.

Silvestri alikuwa tayari juu ya lori, amesimama, anapokea masufuria kutoka kwa Imakulata. Nilimweleza kutoka chini, kichwa nimekiinua, na kwa mara ya kwanza katika siku hizo mbili nikamwuliza: nifanyeje?

Alitazama upande wa reli.

“Tia sahihi, dada. Kahawa haijamkimbia mtu.”

Nikarudi nikatia sahihi mara mbili kwa mkono mmoja. Foromani wa makuli akapakia. Mabehewa yaliondoka Kigoma kabla ya adhuhuri.

Kwa miaka iliyofuata, safu ya upande wa pili tuliijaza sisi. Kahawa ilipopatikana ilipita, na njia haikufa. Kwa hilo Meneja alipongezwa, nami nilipewa barua ya pongezi niliyoitia kwenye jalada bila kuionyesha nyumbani. Lakini vikao vya ushoroba vilibadilika. Kiti cha jirani mdogo mara nyingi kilikuwa kitupu, au kilikaliwa na mtu aliyetumwa jana. Orodha hazikuja. Ghala la tatu lilianza kuvuja tena, na hakuna aliyeliandika, kwa kuwa sisi wenye pwani tulikuwa na maghala mengine. Nilielewa hapo mchango ambao tasnifu yangu haikuuona: kati ya wote waliokaa kuzunguka meza ile, nchi ile ndiyo iliyokuwa inauliza. Asipokuwepo wa kuuliza, wakubwa huridhika haraka.

Nilikwenda kambini mara moja, kwa gari la kampuni na kisingizio cha kazi. Nilimwona kwenye foleni ya mgao, kwa mgongo, shingo yake ndefu juu ya wengine. Nilirudi garini bila kumsalimia. Sina maelezo ya ziada.

Niliendelea. Nilikuwa Msimamizi wa Tali baada ya Mzee Hamisi kustaafu, na tulipomzika Ujiji nilikuwa Msimamizi wa Shehena. Nilifundisha makarani wengi, na kanuni moja niliiongeza mwenyewe, ambayo baadhi yenu mliicheka: kabla ya kumwandika mtu kwenye karatasi yoyote, mwulize. Nilistaafu bila hotuba. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimechoka, na nimegundua kwamba uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kupumzika.

Mwaka jana Silvestri alikuja kwangu Buzebazeba. Amani ilikuwa imewarudisha kwao zamani. Sasa walivuka kuhudhuria harusi ya ndugu huko Gungu, na aliuliza njia hadi akanipata. Ni mzee, anatembea na mkongojo. Alikuwa na Konsolata, mama wa makamo sasa, aliyenipa shikamoo na kuketi karibu na mlango kama mtu asiyekusudia kukaa. Imakulata alikuwa amefariki. Tulinywa chai. Nililisema nililolibeba, lote, kwa mpangilio, kama dokezo. Nadhani nilitumia hata maneno “kwanza” na “pili”. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Siku ile ungeniuliza,” alisema, “ningekujibu sijui. Kweli kabisa, dada. Kazi au watoto, sijui. Mpaka leo sijui.” Alizungusha kikombe. “Lakini ningependa kuulizwa.”

Kisha akaeleza kilichomleta. Wanawe, alisema, wanachokikumbuka zaidi ni kambi. Wanamjua kama mtu wa foleni, mwenye kadi mkononi, anayesubiri kuitwa. Akiwaambia kwamba hakukimbia, kwamba siku ile alikuwa kazini analeta shehena, wanamheshimu kwa kunyamaza. Konsolata alitazama sakafu. Mzee alitaka karatasi kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Nilichukua kalamu. Nilitamani sana kuandika utangulizi. Niliandika sentensi tatu: kwamba Silvestri alivuka kwenda Bujumbura akiwa mwakilishi wa wasafirishaji wa nchi yake ili kuleta kahawa; kwamba alirudi nayo, akashuka chomboni wa mwisho baada ya kuikagua; na kwamba mimi, karani niliyekuwa gatini, nilimwandika mahali pasipo pake. Nikatia sahihi, nikampa Konsolata badala ya baba yake.

Aliisoma polepole, kisha akairudia. Nilingoja aulize juu ya sentensi ya tatu, nilikuwa nimejiandaa.

“Na kahawa yenyewe,” aliuliza, “ilifika?”

“Ilifika Dar es Salaam,” nilimwambia. “Gunia hata moja halikupungua.”

Akamgeukia baba yake. Alimwuliza kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakielewa bila kuhitaji tafsiri, magunia yalipangwaje hata watu wote wale wakalala juu yake na yasiingie maji. Mzee aliweka kikombe chini, akaegemeza mkongojo ukutani ili apate mikono yote miwili, akaanza kumweleza.